Maswali ya Wasomaji: "Em", "Chị" na Noti za Bluu, kwa Mnaojiandaa Kwenda Vietnam

Mwakeye kwa wa Kigoma, mwangaluka kwa wa Tabora. Toleo lililopita niligusia tu kwamba niliwahi kukaa Hanoi mwaka na nusu kimasomo, bas meseji zikamiminika mpaka nikashindwa kujibu mmoja mmoja, kumbe wanaojiandaa kwenda kule ni wengi, wa kozi, wa biashara, kuna hadi anayeenda harusini. Nimechagua maswali matano. Panapohitaji maneno mengi ntakaa, kwingine ntapita haraka.

"Dada, mi ni kijana wa Gungu hapa Kigoma. Nimepata kozi ya miezi 6 ya ufugaji wa samaki Hanoi, naondoka mwezi wa tatu. Kila ninayemwambia anasema Kivietinamu ni lugha ya kuimba, ukikosea sauti kidogo umeshatukana mtu, sisi Waafrika hatuiwezi. Nimeangalia vidio mbili nikakata tamaa. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, hongera kwanza, na hao wanaokukatisha tamaa achana nao kabisa. Kama bibi yako anaongea Kiha bas toni umezisikia tangu unabebwa mgongoni, maana Kiha ni lugha ya toni, Kinyamwezi vile vile, ni Kiswahili ndo hakina. Na hata humo kwenye Kiswahili hebu jisikilize, mama akikuita toka uani hujasikia vizuri unajibu "Ee?", sauti imepanda, akikuuliza umekula ukajibu "Ee", imeshuka. Neno ni hilo hilo, sauti ndo imebeba maana. Wavietinamu wanafanya hivyo kwa kila silabi, basi.

Hanoi wana toni sita, kusini zinasikika tano kwa sababu mbili zimeungana. Uzuri ni kwamba toni zimeandikwa juu au chini ya irabu, huhitaji kukisia. Chukua neno ma. Bila alama sauti inakaa juu imenyooka, maana yake mzimu. Mà inashuka taratibu, ni "lakini". Má inapanda, ni shavu, na kusini ndo wanavyomwita mama. Mả inashuka afu inainuka kidogo, ni kaburi. Mã inapanda huku imekwama kooni katikati, ni farasi kwa neno la zamani. Mạ ina kinukta chini, ni fupi na nzito, inakatwa ghafla, ni miche ya mpunga. Wiki mbili za mwanzo fanya hizo sita tu, asubuhi na jioni, jirekodi kwenye simu afu ulinganishe na anayeongea mwenyewe, usikimbilie sentensi.

Kuna mitego miwili ya sisi Waswahili ambayo vidio za Wazungu hazitakwambia. Wa kwanza, sisi tukiuliza tunapandisha sauti mwishoni, "kuna maji?" Kule ukipandisha umebadilisha neno, umeshasema kitu kingine kabisa. Swali linatengenezwa kwa neno không mwishoni, Có nước không?, yaani kama unasema "yapo maji, hayapo?", na kila silabi inabaki na toni yake. Wa pili, sisi kila neno tunataka liishie na irabu. Moja kwao ni một, mdomo unajiandaa kutamka t afu unaishia hapo hapo, hewa haitoki. Mi nlikuwa nasema "moti" na watu walikuwa wananitazama tu, mwezi mzima, mpaka mwenzangu wa bweni akaniwekea kidole mdomoni nilipofika kwenye t.

Sasa faida zako. Wanafunzi wa Ulaya nliokuwa nao darasani walihangaika wiki nzima na jina Nguyễn, ambalo ndo jina la ukoo lililoenea kuliko yote kule, mi nikalitamka siku ya kwanza kwa sababu ng ya mwanzo ni ng' ya ng'ombe, hamna tofauti. Nh ni ny yetu, kwaiyo bao nhiêu, yaani "kiasi gani", we tayari unaiweza. Kh ni ile ya "kheri" kama wazee wa Ujiji wanavyoitamka kwa kutoa kooni. Ph ni f. Ya kuangalia ni d, ambayo haina mkato, Hanoi wanaisoma z na kusini wanaisoma y, na đ yenye mkato ndo d yetu ya dagaa. Th siyo ya "thamani", ni t yenye pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo usikie hewa. Irabu ngeni ni ơ na ư, hiyo ư sema "u" huku midomo umeitandaza kama unatabasamu.

Na herufi ni hizi hizi za kwetu na alama zake, zipo 29. Wamisionari Wakatoliki wa Ulaya ndo walianza kuiandika lugha hivyo, na mwaka 1651 padri Mjesuiti Alexandre de Rhodes akachapisha kamusi kule Roma. Ungekuwa unaenda China au Thailand ungeanza na maandishi mapya kabisa, huku ukishuka uwanja wa ndege kibao unakisoma.

Sarufi yenyewe itakufurahisha. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo, đi ni kwenda, tôi đi naenda, na nyakati zinawekwa mbele kama sisi tunavyoweka -li-, -na- na -ta-, ila wao wanaziandika mbali: tôi đã đi nilienda, tôi đang đi naenda saivi, tôi sẽ đi ntaenda. Sifa inakaa nyuma ya jina kama kwetu, nhà đẹp nyumba nzuri. Wana hata kitu kinachofanana na ngeli, wakihesabu wanyama wanaweka con, vitu wanaweka cái. Aliyekua na ki-vi na m-mi hawezi kushangaa.

Beba sweta, mwezi wa tatu Hanoi kuna manyunyu na kibaridi chenye unyevu mpaka kuta za ndani zinatoa maji.

"Mwangaluka dada. Mi ni mama wa Isevya, Tabora, nauza nta ya nyuki. Kuna mama wa Ho Chi Minh City tunachati, ananiandikia kwao nami natafsiri na simu. Sasa mara inatoka 'dada mkubwa ametuma bei', mara 'dada mdogo amepokea?', juzi 'dada mkubwa anamkumbuka dada mdogo'. Sijui humo tuko wangapi, nahisi simu yake inatumiwa na watu wengi. Mwezi wa 11 naenda tuonane. Nimwamini?"

Mama, mko wawili tu humo. Dada mkubwa ni yeye, dada mdogo ni wewe. Amekwambia "nimetuma bei", "umepokea?" na "nimekukumbuka". Biashara siwezi kukuhakikishia, hiyo kagua mwenyewe mzigo na malipo, ila kwa upande wa lugha huyo mama anakuheshimu sana.

Swali lako hili ndo moyo wa Kivietinamu na ningependa kila anayeenda kule aanze nalo kabla hata ya "asante". Hawana "mimi" na "wewe" ya kumwambia kila mtu, ile tôi nliyomwandikia kijana wa Gungu ni ya kirasmi. Badala ya maneno hayo wanatumia undugu. Mwanaume anayekuzidi kidogo ni anh, mwanamke anayekuzidi kidogo ni chị, mdogo wako ni em. Yeye akiongea anajiita chị na wewe anakuita em, ukijibu wewe unajiita em na yeye unamwita chị. Neno em kwaiyo ni "mimi" ukilisema wewe na ni "wewe" akilisema yeye, ndo maana simu imechanganyikiwa, haijui nani kamzidi nani.

Na wakipanda kwa wazazi wamegawa kama sisi tu. Bác ni mkubwa wa mzazi wako, baba mkubwa huyo, chú ni baba mdogo, cô ni shangazi, cậu ni mjomba, dì ni mama mdogo, ông babu, bà bibi. Unamwita hivyo hata mtu usiyemjua, dereva, muuza matunda, kama sisi tunavyomwambia mtu wa sokoni "mama" au "mjomba". Hồ Chí Minh mwenyewe, mwasisi wa taifa lao, wanamwita Bác Hồ, yaani Baba Mkubwa Ho, nasi wa nchi ya Baba wa Taifa tunaelewa hapo pana nini.

Ndo sababu mtu mtakutana naye dakika ya pili atakuuliza una miaka mingapi. Siyo umbea mama, anatafuta akuite nani. Mjibu bila kusita. Nlipofika Hanoi nlikuwa nakunywa chai ya barafu kwa mama mmoja wa kibanda karibu na bweni, vigoda vya plastiki vya bluu vifupi kiasi magoti yanafika kifuani. Nikamwita chị kama nlivyofundishwa darasani. Akacheka akagusa mvi zake, akajinyooshea kidole, "Bác", afu akaninyooshea mimi, "Cháu". Cháu ni mjukuu au mtoto wa ndugu. Tangu siku ile nikawa na mtu Hanoi. Nikipita bila kusimama ananiita kwa mbali, "Cháu ơi!", na hiyo ơi ni "ee" yetu ya "dada ee", unaiweka nyuma ya jina unapoita. Ukimwita mhudumu hotelini usipige makofi wala miluzi, sema em ơi kama ni mdogo wako, chị ơi kama kakuzidi, anakuja.

Siku ya kuonana na mwenzako mwambie Em chào chị ạ. Hiyo ạ ya mwisho ni ya heshima, na mdogo akimsalimu mkubwa namna hii inakaa pale pale inapokaa shikamoo yetu. Akikuita, usiitike kwa kimya, itika dạ, hiyo ndo "abee" yao, Hanoi inasikika kama "za" na huko uendako kusini inasikika "ya", fupi na nzito. Ukimpa kitu au ukipokea, mikono miwili, kama ulivyofundishwa nyumbani. Na ukiuliza "cái này bao nhiêu?", hiki bei gani, usisahau kumtaja kwanza, Chị ơi, cái này bao nhiêu?, bila hapo inasikika kavu. Mwezi wa 11 kusini mvua zinaisha, umechagua vizuri.

"Asalaam aleykum. Niko Ujiji, naenda Vietnam wiki tatu na mke wangu. Tunaogopa chakula, tunasikia kila kitu ni nguruwe. Tutakula nini?"

Waaleykum salaam kaka. Nguruwe ni wengi kweli, na hata mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta yake, kwaiyo tahadhari yako ina msingi. Ila mtakula. Kaskazini nguruwe ni thịt lợn, kusini thịt heo, jueni yote mawili. Sentensi ya kukariri ni Tôi không ăn thịt heo, sili nyama ya nguruwe, na iandike pia kwenye karatasi. Tafuta neno chay, ni chakula kisicho na nyama, cơm chay ni wali wa hivyo, Wabudha wengi wanakula chay tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo na siku hizo vibanda vya chay vinajaa.

Misikiti ipo. Hanoi kuna Al-Noor mtaa wa Hàng Lược, wa mwaka 1890, na Ho Chi Minh City kuna msikiti mkubwa wa 1935 mtaa wa Đông Du, katikati ya mji, na karibu yake mnapata hoteli za halali. Mkishuka bonde la Mekong, mkoa wa An Giang, kuna Wachamu, ni Waislamu wa kule kule kwa vizazi vingi.

Samaki msiwaogope. Nước mắm, mchuzi wao mashuhuri, unatengenezwa kwa samaki wadogo kama dagaa na chumvi tu, wanafungiwa kwenye mapipa miezi mingi mpaka watoe maji yake. Mtu aliyekua anasikia harufu ya dagaa wakianikwa Kibirizi atauzoea siku ya kwanza, kwangu mimi ilikuwa kama nimepitishwa nyumbani.

"Dada mi ni mwalimu wa Kasulu. Nataka nizunguke Vietnam, Kambodia na Laos mwezi mmoja afu nirudi Vietnam kupanda ndege. Viza, hela, na lugha inakuwaje? Natumia simu kutafsiri, itatosha?"

Mwalimu, anza na pasipoti, Uhamiaji mkoa, na cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi na namba ya NIDA. Hii ya kielektroniki iliyoanza 2018 ada yake 150,000. Kama unayo tayari hakikisha siku ya kuingia kule imebakiza miezi sita na zaidi.

Vietnam tangu 15 Agosti 2023 wanatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, mpaka siku 90, dola 25 ya kuingia mara moja na dola 50 ya kuingia mara nyingi. We chukua ya mara nyingi. Ukichukua ya dola 25 ukavuka kwenda Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, imeishia mpakani, utabaki huko na ndege yako inakusubiri Hanoi. Omba kwenye tovuti ya serikali yenyewe, inayoishia na .gov.vn, kuna mawakala kibao wanajifanya ndo wao na bei mara tatu. Jina andika kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasipoti yenye mishale, herufi kwa herufi, na mpangilio ule ule. Mwenzetu mmoja alikosea herufi moja tu, ikabidi aombe upya na alipe upya. Kambodia na Laos kila moja ina viza yake, shughulikia kabla hujatoka Tanzania. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama hakuna atakayeiuliza Hanoi, maana unapita nchi nyingine njiani. Choma siku 10 kabla, ni ya maisha.

Ndege ya moja kwa moja toka Dar hakuna, unaunganisha Doha, Dubai au kwingine. Na usikate tiketi ya ndege ya siku utakayofika Dar kwa basi, Kigoma ni mbali na barabara haina ahadi, jipe siku mbili. Kule wako mbele yetu masaa manne, ikiwa saa sita mchana Kasulu, Hanoi ni saa kumi jioni.

Hela yao ni dong na ina sifuri nyingi. Kwa miaka hii shilingi moja inakaribia dong 10, kwaiyo futa sifuri moja kichwani, bakuli la dong 50,000 ni kama 5,000 yetu. Elfu ni nghìn kaskazini, ngàn kusini, tena ile ng' yetu. Lakini mwalimu, nisikilize hapa: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu. Usiku mmoja nimelipa chai kwa yule bác wangu, taa ya barabarani hafifu, nikaondoka. Nimefika kona nasikia kandambili zinapiga lami nyuma, "Cháu ơi! Cháu ơi!", nageuka, mama kashika noti yangu ya 500,000 juu kama bendera. Akanifungua kiganja, akaiweka kwa mikono miwili, akachukua 20,000 yake akarudi kwenye birika lake. Sikulala vizuri siku ile kwa furaha. We weka za 500,000 mfuko wake peke yake.

Simu inasaidia, hasa kamera kwenye menyu, shusha lugha nzima kabla ili bando likiisha isikukwamishe. Wengi kule wanachati kwa Zalo, siyo WhatsApp. Ila namba jifunze kwa mdomo, sokoni hakuna atakayesubiri utoe simu: một, hai, ba, bốn, năm, sáu, bảy, tám, chín, mười. Bodaboda ni xe ôm, maana yake usafiri wa kukumbatia. Kuvuka barabara, pikipiki ni kama nzige, tembea pole pole mwendo mmoja, usikimbie wala usirudi nyuma, wao ndo wanakukwepa.

Ukivuka, lugha zinabadilika kabisa. Kikhmer cha Kambodia ni ndugu wa mbali wa Kivietinamu lakini hakina toni, na dola inapokelewa mitaani. Kilao kina toni na kinasikilizana na Kithai. Herufi za zote mbili huwezi kuzisoma, kwaiyo "susdei" na "okun" Kambodia, "sabaidi" na "khop chai" Laos, ndo salamu na asante, hizo tu zinakufungulia mlango. Kaone ziwa la Tonlé Sap, mto wake mvua zikikolea unageuza mwelekeo unarudisha maji ziwani, mtu wa Tanganyika lazima alione hilo. Na kama muda unatosha, panda treni ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City, kilomita 1,726, zaidi ya siku nzima. Tuliozoea Reli ya Kati tunalala humo bila taabu. Epuka tu sikukuu ya Tết, mwaka mpya wao, inaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, maduka yanafungwa na tiketi hazipatikani.

"Mi mama wa Urambo, binti yangu anaenda kusoma kule miaka minne. Nimpe nini cha kumlinda?"

Mama, mpe karatasi. Huku kwetu malaria ipo, na dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya mtu kuondoka. Hanoi malaria ni adimu, daktari akiona homa atawaza kwanza dengi, ambayo wao wanaiita sốt xuất huyết, na siku zinaweza kupita. Malaria ni sốt rét, yaani homa ya baridi, mfundishe neno hilo kabla ya mengine yote. Akipata homa miezi ya mwanzo asisubiri asubuhi, aende hospitali siku hiyo hiyo na aonyeshe maneno haya, yanakili kama yalivyo na alama zake, moja aweke kwenye pasipoti na moja nyuma ya kava la simu: Tôi đến từ Tanzania, vùng có sốt rét. Xin xét nghiệm sốt rét. Maana yake, natoka Tanzania, sehemu yenye malaria, naomba nipimwe malaria.